Ndege wa Mombasa wafuata maji

Ofisini kwetu, karibu na lango la bandari ya Kilindini, kuna jedwali la kupwa na kujaa kwa maji limebandikwa ukutani. Mamlaka ya Bandari hulitoa kila mwaka, na kazi yake ni meli. Mimi ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo: siku nzima ni makaratasi ya kontena, ushuru, na kupiga simu kuuliza lori limefika wapi. Lakini jedwali lile nalisoma kwa shughuli nyingine. Ndilo huniambia Jumamosi kundi letu litoke saa ngapi kwenda kuangalia ndege.

Nairobi mambo yao mepesi. Nature Kenya, shirika la wapenda viumbe na mazingira, wana matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi kuanzia Makumbusho, wanayafanya tangu miaka ya 1970, na saa haibadiliki mwaka nenda mwaka rudi. Huku kwetu ukipanga hivyo, wiki hii utaona ndege mpaka uchoke kuhesabu, wiki ijayo mahali pale pale utaona tope na mifuko ya plastiki.

Sababu ni hii. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tuko kwenye bamvua. Siku hizo maji hapa Mombasa hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, na kati ya kupwa na kujaa kuna tofauti inayopita mita 3. Ukienda hori la Tudor, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, saa nne hiyo, ndege wote wako mbali ukingoni mwa maji, na hata ukiwa na darubini nzuri utaona nukta zinazotembea. Siku kama hizo sisi hutoka baada ya adhuhuri. Maji yakianza kupanda yanawasukuma polepole kuja upande wetu, mpaka kufikia alasiri wako karibu kiasi cha kuona rangi ya miguu. Wiki moja baadaye mambo yamegeuka: ni maji mafu, yale yasiyokupwa wala kujaa sana, kujaa kumeangukia asubuhi, na hapo ndipo wanaopenda kuamka mapema hupata raha yao. Kwa hiyo mtu akiniuliza Jumatatu tutatoka saa ngapi, namwambia anipe muda. Wageni huudhika kidogo. Wavuvi hawaulizi.

Kundi lenyewe halina jina wala ofisi. Kuna mwalimu mstaafu wa jiografia ambaye sote twamwita Mwalimu tu, kuna kijana wa tuktuk mwenye masikio ya ajabu (anamtambua ndege kwa sauti akiwa anaendesha), kuna mama wa Majengo anayeuza leso na kutuletea mahamri na mbaazi, wanafunzi wawili watatu wa chuo, na binti yangu mdogo. Wengine huja na kutoweka. Darubini ni chache, hupokezanwa. Nauli kila mtu ajilipie, chakula twachanga.

Wakati wetu mkubwa ni kaskazi. Kuanzia Novemba hadi Machi upepo watoka upande wa Bara Hindi na Uarabuni, jua kali, bahari imetulia kiasi, na tope la hori limejaa wageni kutoka kaskazini ya dunia. Vitwitwi wa kila aina, sululu, buabua wamejipanga kwenye fungu la mchanga wote wakielekea upepo. Ukija mara ya kwanza utaona kwamba wote ni wa kijivu na wote ni sawa, na utakata tamaa. Usikate. Anza na namna wanavyokula. Kuna anayekimbia hatua chache, akasimama, akadonoa mara moja. Kuna anayeshona tope kwa mdomo bila kupumzika. Kuna anayepindua mawe na makombe kutafuta kilicho chini. Rangi itakuja baadaye.

Mimi mwenyewe nilinaswa na sululu. Ni ndege wa kahawia, miguu mirefu, mdomo umepinda kuelekea chini, na wakati wa baridi ya kwao huacha Urusi na kaskazini ya Ulaya kuja kukaa na sisi. Siku moja Mikindani nilikuwa nimesimama kwenye kivuli cha mchu (mti wa jamii ya mikoko), baibui nimeifunga kiunoni kwa leso, viatu vya mpira vimezama. Sululu akaja mpaka hatua chache kutoka kwangu. Aliingiza mdomo wote kwenye tundu la kaa, na nikaona kwamba mpindo wa mdomo na mpindo wa tundu vimeelekeana. Akatoa kaa mdogo, yule mwenye gando moja kubwa. Hakummeza. Alimkamata kwa gando akamtikisa mpaka gando likang'oka, akamwangusha, akamwokota kwa mguu, akamtikisa tena. Mguu mmoja mmoja. Alipobaki kifuu cha katikati peke yake ndipo akainua kichwa akammeza, kisha akaenda kusuuza mdomo kwenye kidimbwi. Nimekula kaa maisha yangu yote na sijawahi kuwa nadhifu hivyo.

Januari huja hesabu. Ni hesabu ya ndege wa majini inayofanywa katika nchi nyingi za Afrika kwa wakati mmoja, chini ya Wetlands International, na hapa Kenya wanaishughulikia Makumbusho ya Taifa, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na Nature Kenya pamoja na watu wa kujitolea. Kuhesabu kundi la ndege si kupiga macho na kusema "mia tano hivi." Unahesabu kumi kwanza, jicho likajua kumi wanavyoonekana, halafu unapima kundi zima kwa kumi kumi. Watu wawili wanahesabu kundi moja bila kuambiana, kisha wanalinganisha. Wakipishana sana, wanarudia. Na usiyemtambua unaandika "kitwitwi mdogo, hakutambuliwa." Mwalimu ni mkali hapo. Kijana wa tuktuk akisema "nafikiri ni yule," Mwalimu humwambia, "Mwanangu, sikuulizi wafikiri nini. Umeona nini?"

Tulichokosa kwa muda mrefu ni mahali ndege wanakopumzika maji yakijaa. Tope likifunikwa lote lazima waende mahali, na ukipajua mahali hapo hesabu yako ni rahisi, kwa sababu wako pamoja na wametulia. Tulikuwa tumesimama ufukoni tukibishana, akapita mzee mmoja kwenye mtumbwi akirudi na kamba wake.

"Sabalkheri, wanangu."

"Sabalkheri, mzee. Habari za bahari?"

"Bahari njema. Mwatafuta nini na hayo madarubini, kuna mtu amezama?"

Tukamweleza. Akacheka, akaelekeza kafi nyuma ya mikandaa. "Ndege wote walala kule, kwenye jangwa la chumvi, nyuma ya michu. Maji ya bamvua pekee ndiyo hufika. Nyinyi mwawangoja hapa mbele, wao wako nyuma yenu."

Na kweli walikuwa nyuma yetu. Pale kuna uwazi mtupu wa ardhi ngumu yenye chumvi, miti haimei, na ndege walikuwa wamesimama mguu mmoja, mdomo umefichwa mgongoni, safu baada ya safu. Tangu siku hiyo mzee yule ndiye tunayempigia simu kabla ya kwenda, naye hutuuliza kwanza kama mama wa mahamri anakuja.

Kaskazi pia huleta keremkerem wekundu. Hawa hutoka upande wa kaskazini, Ethiopia na Somalia huko, na kukaa pwani yetu mpaka Machi hivi. Mwili mwekundu wa waridi, kichwa cha buluu-kijani, mkia umechongoka katikati. Nguuni, kule nyuma ya Bamburi kwenye mikoma na vidimbwi, huwaona wametua kwenye matawi makavu wakiruka kukamata nyigu na kurudi pale pale. Jioni huelekea mikokoni kulala. Nguuni ndiyo safari ninayompendekezea mwenye watoto: hakuna tope, kuna mbuni na pofu wa kuwafurahisha wasiojali ndege wadogo, na mtu aweza kukaa chini.

Aprili ndiyo mwezi ninaoupenda, na ndio watu wengi huukosa kwa sababu ya joto na mawingu ya mvua. Vitwitwi wale wa kijivu wanaanza kuvaa. Kuna mmoja, vitabu humwita Calidris ferruginea, mdomo wake umepinda kidogo kwenda chini. Desemba huwezi kumgeukia mara mbili. Mwishoni mwa Machi kifua kinaanza madoadoa. Aprili ikiingia, baadhi yao ni wekundu wa matofali kuanzia usoni hadi tumboni. Wanakula bila kuinua kichwa, kwa sababu safari iliyo mbele yao ni ya kwenda kutaga kwenye baridi ya Siberia. Huondoka jioni. Kwanza wanapiga kelele zaidi ya kawaida, kundi linaruka, linatua, linaruka tena; kisha mara moja hawatui. Wanapanda wakizunguka, wanajipanga mstari, wanaelekea kaskazini juu ya nyumba za Mishomoroni. Chini yao matatu zinapiga honi na mtu anakaanga viazi karai, na hakuna anayeinua macho.

Mvua ya mwaka ikianza kwa nguvu hatutoki. Twakutana kwenye baraza la Mwalimu, twakunywa kahawa tungu, twasikiliza sauti za ndege kwenye simu na kuingiza orodha zetu kwenye Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa nchi nzima, ambapo nchi imegawanywa miraba ya karibu kilomita 9 kwa 9 na kila mraba una orodha yake. Kisiwa chetu chote ni kidogo kuliko mraba mmoja. Hayo ndiyo ya Mei.

Watu hudhani kusi ni wakati wa kufa. Bahari imechafuka, ufuo umejaa marundo ya mwani, na kwenye hori wamebaki vitwitwi wachache tu, wengi wao wa mwaka wa kwanza ambao hawajafikia umri wa kutaga na hawaoni sababu ya kwenda Siberia. Lakini kusi ina wageni wake, nao hutoka kusini. Twachanga nauli, twakodi matatu, twaelekea Malindi. Mto Sabaki unapoingia baharini, kwenye vifungu vya mchanga, huja ndege wa Madagaska, wa kahawia, mabawa marefu yaliyochongoka, ambao huzaliana kwao na kuja kwetu kati ya Aprili na Septemba. Wanalala mchangani wakionekana vibonge vya udongo mpaka mmoja anyooshe bawa.

Na kuna Gede. Magofu ya Gede yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na wageni huenda kwa ajili ya msikiti na kasri. Sisi huenda kwa ajili ya majani makavu chini ya miti. Kusi ikiingia, pita wa Afrika huhama kutoka Tanzania na nchi za kusini, anakozaliana wakati wa mvua zao, na baadhi yao hupitisha miezi hiyo kwenye misitu ya pwani yetu, Gede na Arabuko-Sokoke. Mgongo wa kijani, kifua cha manjano iliyofifia, chini ya mkia nyekundu ya damu, na kwenye mabawa madoa ya buluu inayong'aa. Ungefikiri ndege wa rangi hizo utamwona kutoka barabarani. Anatembea chini, kwenye kivuli, anasimama kimya muda mrefu, na rangi zote hizo zinapotea kwenye majani. Mama wa leso ndiye aliyemwona kwanza kati yetu, na hakutumia darubini: alisikia majani yakipekuliwa upande mmoja wa ukuta, akadhani ni kuku wa mtu. Alinishika mkono akanionyesha kwa kidevu. Ndege aliruka hatua mbili, akapindua jani, akachomoa mnyoo, akatuangalia. Hakuna aliyepiga picha. Kijana wa tuktuk alikuwa upande wa pili wa gofu akijaribu kupata mtandao, na mpaka leo hilo halizungumzwi mbele yake.

Sasa nifike kwa kunguru, maana huwezi kuandika habari za ndege wa Mombasa ukamruka.

Huyu mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Asili yake ni Bara Hindi, aliletwa Unguja miaka ya 1890, na Mombasa aliripotiwa mwaka 1947. Kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe, sasa ni nadra kumwona kisiwani. Wahenga walisema kunguru hafugiki, na sisi tumemfuga bila kukusudia, kwa takataka. Nenda Kongowea jioni soko likifungwa uone. Nyumbani kwetu Tudor kuna mnazi ambao minana wa manjano walikuwa wakiufuma kila mwaka. Dume anachana ukuti akiuanza karibu na shina la jani, anauvuta akiruka nao, utepe unatoka mrefu. Anaufunga kitanzi, anaufuma pete, na kutoka kwenye pete hiyo nyumba nzima inaning'inia. Kazi ya siku kadhaa. Kunguru hutua juu ya kuti, akaing'oa nyumba kwa mdomo, akaitikisa, akala kilichomo. Wakija wawili au watatu, mmoja huwashughulisha minana na wengine hufanya kazi. Mti ule hauna kiota tena.

Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni 1 kwa chambo chenye sumu kufikia mwisho wa mwaka. Kwenye kundi letu mjadala ulikuwa moto, na wanafunzi hawakupenda. Mimi niko upande wa mpango, na nasema wazi. Anayependa ndege hawezi kupenda kila ndege mahali popote. Ninachokishuku ni kingine: sumu itapunguza, lakini mradi majaa yako wazi na mabucha yanatupa matumbo nje, waliobaki watazaliana na kujaza nafasi. Ningependa kuona mapipa yenye vifuniko kabla ya sumu. Mwalimu anasema mapipa yenye vifuniko Mombasa nitayaona pamoja na treni ya kwenda mwezini.

Vuli huturudisha kazini. Vitwitwi wa kwanza wameshaanza kurudi tangu Agosti, baadhi bado na mabaki ya wekundu kifuani, wamechoka na wamekonda. Agosti hiyo hiyo Mida, kule Watamu, hufika mla-kaa, mweupe na mweusi, mdomo mweusi mnene wa kupasulia magamba. Huyu hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo alilochimba mchangani, jambo ambalo hakuna ndege mwingine wa jamii yake hulifanya, huko Ghuba ya Uajemi na pwani za Somalia na Bahari ya Shamu. A Rocha Kenya, walio Watamu, huwatia pete ndege wa Mida ili wajulikane wakionekana kwingine. Jumamosi ya pili ya Oktoba ni siku ya dunia ya ndege wanaohama, na sisi huitumia kuwaleta watoto wa shule za jirani. Hatuwahutubii. Tunawapa darubini na kaa wa kuangalia.

Novemba mvua za vuli zikinyesha na kumbikumbi wakitoka, inua macho. Vipanga wadogo wa Amur, waliotoka mashariki ya mbali ya Asia na kuvuka Bahari ya Hindi kutoka India, hupita pwani wakifuata mawingu ya mvua na kula kumbikumbi hewani. Wanakaa siku moja mbili, wanaendelea kusini. Hawa huwezi kuwapangia safari. Ukiwaona ukiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni, toka kwenye gari.

Jambo moja kuhusu madarubini. Mombasa ni mji wa bandari na wa jeshi la majini, na mtu aliyesimama ufukoni akielekeza darubini majini huvutia maswali. Tulisimamishwa siku moja karibu na daraja, na askari akataka kujua tunapeleleza nini. Mwalimu alimpa darubini, akamwonyesha kwazi aliyekuwa juu ya mlingoti na samaki kwenye makucha. Askari aliangalia kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika kwa usalama wa taifa, akarudisha darubini, akatuambia tusogee upande wa pili wa barabara. Tangu hapo hubeba vitambulisho na kitabu cha ndege, na lenzi hatuielekezi melini.

Anayetaka kuja anikute. Leta maji ya kunywa, kofia, viatu ambavyo huvionei huruma, na darubini kama unayo; kama huna, utapokezana na binti yangu, akikubali. Nguo nyeupe usivae. Ndege wanakuona toka mbali, na tope la Tudor halijatoka kwa sabuni yoyote niliyojaribu.